Kupepesuka si Kulewa: Somo juu ya Neno la Kiingereza "Stagger"

Katika somo la mwezi huu twataka kulitazama neno moja la Kiingereza, nalo ni "stagger". Hutamkwa stega, na mkazo wa sauti uko mwanzoni. Wengi wenu mmekwisha kulikuta: wanafunzi katika vitabu vya hadithi, wainjilisti katika vitabu vya kufafanua Maandiko, wazazi katika karatasi za hospitali. Ukifungua kamusi utapewa maneno manne au matano ya Kiswahili katika mstari mmoja, yametengwa kwa mkato tu, kana kwamba yote ni sawasawa, nawe waweza kujichagulia lolote kama mtu achaguavyo chenza katika pakacha. Walakini si sawasawa. Moja humweka mtu kitandani mwa wagonjwa, la pili humweka chomboni baharini, la tatu humweka katika kilabu cha pombe. Ndiyo sababu twaona yafaa tukae nalo kidogo.

Sisi tukaao huku Michenzani tuna bahati katika kazi hii. (Jina lenyewe lasema michenza, ijapokuwa leo macho yaona majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa tangu miaka ya 1970.) Lugha isemwayo hapa Unguja ndiyo ile ambayo Askofu Edward Steere aliiandikia kitabu chake cha sarufi na maneno, kilichotoka mwaka 1870; ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu; nayo ndiyo iliyojaa katika kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939. Basi mtu wa hapa akitaka kujua tofauti ya kupepesuka na kuyumba, hana haja ya kwenda mbali. Na akae ngazini jioni, atazame wapitao.

Kwanza asili ya neno. Lilitoka kwa watu wa Skandinavia ya kale, walioingia Uingereza kwa merikebu zao. Kwao lilikuwa "stakra", yaani kumsukumasukuma mtu hata asiweze kusimama imara. Waingereza wakalipokea, wakaligeuza polepole kinywani mwao hata likawa "stagger". Kumbukeni habari hiyo ya kusukumwa, maana itatufaa mbele.

Maana yake ya kwanza leo ni kwenda kwa hatua zisizo imara, mwili ukiinama huku na huku, kana kwamba yuko mtu asiyeonekana akusukumaye, nawe u karibu kuanguka lakini hujaanguka bado. Mambo mawili yamo: mizani ya mwili imepotea, na mwendo ungaliko. Mtu akisimama mahali pamoja huku akiyumba, Mwingereza hupenda kusema "sway". Akianguka, kazi ya neno letu imekwisha. Lakini angalieni lisilokuwamo. Sababu haimo. Aliyejeruhiwa vitani, mwenye homa kali, mchukuzi mwenye gunia la karafuu begani, aliyelala na njaa siku mbili, na aliyekunywa tembo, wote Mwingereza aweza kuwatumia neno lile lile, wala halimshtaki hata mmoja wao.

Katika matumizi yake, wanafunzi hukosea zaidi penye neno dogo lifuatalo. Mwingereza huweka namna ya mwendo katika kitendo, na upande wa mwendo katika neno dogo la nyuma: "He staggered in", "He staggered out". Kiswahili hufanya kinyume. Sisi hutaja upande kwanza, kisha namna: aliingia akipepesuka, alitoka akipepesuka. Na "He staggered to his feet" si "alipepesuka mpaka miguuni pake", kama tulivyoona imeandikwa katika daftari moja (tukacheka, kisha tukasahihisha), bali ni "aliinuka kwa shida huku akipepesuka". Miguu hapo ni kusimama tu. Tena msichanganye "stagger" na "stumble". Huyu wa pili ni kujikwaa: mguu umegonga jiwe au kizingiti, na sababu iko chini, nje ya mtu. Wahenga wetu walisema kujikwaa si kuanguka; wala si kupepesuka vile vile.

Sasa tuyatazame maneno yetu wenyewe.

Lililo karibu kupita yote ni kupepesuka. Sikio lenyewe lasikia ujamaa wake na pepea, na peperuka, na upepo: mtu amekuwa kama kitu chepesi kilichopigwa na upepo. Nalo, kama lile la Kiingereza, halitaji sababu. Mgonjwa hupepesuka, mlevi hupepesuka, mwenye mzigo hupepesuka. Kwa hiyo shauri letu ni kwamba liwe la kwanza kalamuni mwenu, hata mpate kujua zaidi. Kusepetuka ni ndugu yake, nalo twalikuta katika kamusi na kwa wazee kuliko kwa vijana.

Kuyumba ni kwa kitu kilichoshikwa mahali au kinachoelea. Mnazi huyumba, bembea huyumba, ngarawa huyumba. Ukisema mtu ayumba, twaona kiwiliwili chake. Ukisema apepesuka, twaona miguu yake. Kuwayawaya ni kwa tawi lililolemewa na matunda, hata lapanda na kushuka. Na mtu aliyelemewa na mzigo aweza kuwayawaya vile vile. Kutetereka ni mguu kupoteza mahali pake, kama katika ngazi yenye maji. Ni jambo la mara moja, si mwendo.

Kwa mtoto tuna neno zuri mno: husimama dede. Kisha hupiga hatua mbili, akaketi kwa matako, akacheka. Kiingereza nacho kina neno lake la pekee, "toddle", na mtoto wa umri huo huitwa kwa neno hilo. Msimwandikie mtoto kama huyo "stagger". Mganga akisoma kwamba mtoto "staggers" ataogopa, na ana haki kuogopa, kwa maana neno hilo lataka mtu aliyekwisha kujua kwenda sawa, kisha akaharibikiwa. Na mzee ashikaye mkongojo, huyo hujikongoja. Kwa Mwingereza mzee "totters", na nyumba mbovu nayo "totters" kabla ya kuanguka. Katika Kiswahili nyumba haijikongoji.

Bahari ina sehemu yake kubwa. Chombo kikilala upande huu na upande huu, wenyeji husema chaenda mrama, na neno hilo limepanda pwani likaingia katika mambo yote: shauri likiharibika, twasema limekwenda mrama. Waliovuka kutoka Dar es Salaam wakati wa kusi wanajua namna abiria washukavyo Malindi, wakitagaa, yaani wakiweka miguu mbali mbali, maana mwili bado wangoja wimbi ambalo halipo tena. Katika Zaburi ya 107, pale palipoelezwa mabaharia katika tufani, wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliweka maneno mawili pamoja, "reel" na "stagger". Nao wafasiri wetu wa tafsiri ya muungano ya mwaka 1952 wakaweka kuyumba-yumba na kupepesuka. Twaona walichagua vema sana. La kwanza ni la chombo na vilivyomo, la pili ni la miguu ya watu. Mlevi yumo katika aya hiyo, lakini yumo kwa mfano tu: mabaharia wale hawakunywa kitu.

Hapo ndipo twafika penye hatari. Liko neno kulewalewa. Lapatikana katika kamusi kwa maana ya kuyumba na kupepesuka, na kwa asili yake si baya. Bahari humlevya mtu, tumbaku humlevya asiyeizoea, hata madaraka humlevya mtu. Lakini masikioni mwa watu wa leo shina lake ni lile la mlevi na kileo, na asikiaye hasubiri ufafanuzi. Kadhalika maneno "aenda kama mlevi". Mwenye kusema alitaka kueleza miguu. Mwenye kusikia amepokea habari ya chupa.

Tutaje jambo lililotokea mtaani petu, bila majina. Mzee mmoja, Mwislamu, ambaye majirani wote wajua kwamba hakuonja kileo maisha yake yote, alionekana akirudi kutoka msikitini alfajiri, mkono mmoja ukigusa ukuta, akipepesuka, na maneno yake mazito. Kijana aliyekuwa ngazini akasema kwa mzaha, "Leo mzee kalewa." Neno likapanda ghorofa kabla ya mzee mwenyewe. Mkewe alipolisikia aliona haya, akamlaza, akafunga mlango, watu wasimwone katika hali ile. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kupita tulipoitwa sisi, kwa sababu ya ujirani. Tukamkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala kama si wake.

"Bibi, hali hii imeanza lini?"

"Tokea alfajiri, padri. N'liogopa maneno ya watu."

Kilikuwa kiharusi. Kijana msomi wa nyumba ile alikuwa ameandika karatasi kwa Kiingereza ya kumpelekea daktari, na ndani yake ameandika kwamba mzee "walks like a drunk man". Hakuwa na nia mbaya; aliandika alivyosikia ngazini. Tukafuta, tukaandika "He staggers and leans to the right. He has never taken drink. It began at dawn." Mzee alipona nusu. Ulimi wake umerudi. Mkono wa kulia haujarudi. Katika kiharusi waganga huhesabu saa, kwa maana ziko dawa zinazofaa katika saa chache za kwanza tu, na saa za mzee yule zilipotea nyuma ya mlango uliofungwa kwa neno moja.

Basi wainjilisti, ninyi ambao mara nyingi huombwa kuwaandikia watu barua, shikeni jambo hili. Andikeni lililoonekana, si lililodhaniwa. Mtu akipepesuka ghafula, mtazameni uso kama umepinda upande mmoja, mwambieni ainue mikono yote miwili, msikilizeni maneno yake kama yamekatika. Likiwapo hata moja katika hayo, msingoje. Vile vile mwenye ugonjwa wa sukari, sukari ikimshuka mno, hutoka jasho, hupepesuka, husema yasiyo na maana, na kila mpita njia huapa kwamba amelewa. Kuhani Eli alimdhania Hana mlevi kwa kuitazama midomo yake tu. Sisi twafanya hivyo kwa kutazama miguu.

Tena si kila mwendo mbovu ni kupepesuka. Mwenye kuumia mguu mmoja huchechemea, na Mwingereza asema "limps". Wazee wa Mbulu wanaijua habari ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa kwetu aliyeshindana katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia goti, likafungwa vitambaa, naye akaendelea. Mamo Wolde wa Uhabeshi alikuwa amekwisha kushinda, na saa nzima na zaidi imepita, Akhwari alipoingia uwanjani, wa mwisho katika waliomaliza. Tukitaka kumsimulia kwa Kiingereza, neno letu la kwanza liwe "limped", kwa maana goti ndilo lililoumia, na akili yake ilijua vema mstari uko wapi. Tukiandika "staggered" tu, twamwonyesha mtu aliyezidiwa na uchovu hata hajui aendako. Habari yageuka.

Nchi zetu zina mfano mwingine, na huu wastahili kujulikana zaidi kuliko unavyojulikana. Mwaka 1938 daktari mmoja wa Kongo, Trolli, alieleza ugonjwa ambao Wayaka huuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka au akachoka njiani, na tangu hapo miguu yake imekazana, magoti yakaribiana, aenda kwa vidole vya mbele. Akili yake haidhuriki. Ugonjwa huo ulionekana Tarime mwaka 1985, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Sababu yake ni muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka wakati wa njaa au ukame, haukulowekwa wala kuanikwa siku za kutosha, hata sumu yake ikabaki, na mlaji hana chakula kingine cha kumpa mwili nguvu ya kuiondoa, kama maharage au samaki. Sasa, wataalamu wangeweza kuandika kwa Kiingereza kwamba wagonjwa hao "stagger", nao wangekosea, kwa maana miguu hiyo haiyumbi, imefungwa. Wakalichukua neno la wenyeji, na mpaka leo katika vitabu vya waganga wa dunia nzima ugonjwa huitwa konzo. Wayaka waliutazama mwendo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kimakonde nacho kimeipa dunia neno kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1952 na 1953 homa ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, huko Newala, na maungo ya wagonjwa yakauma hata wakaenda wamejikunja. Wenyeji wakaiita chikungunya, ile ikunjayo watu, na mwaka 1955 jina hilo likaandikwa katika majarida ya tiba ya Kiingereza. Ilipozuka Lamu mwaka 2004, kisha ikavuka kwenda Ngazija na visiwa vingine vya bahari yetu, kila mtu aliitaja kwa neno la Newala.

Turudi kwa "stagger", kwa maana limebakiza maana mbili tatu. Ile asili ya kusukumwa yaonekana katika "The news staggered her". Hapa habari ndiyo isukumayo. Kwa Kiswahili tuseme habari ilimduwaza, au alipigwa na bumbuazi. Na "a staggering sum" ni fedha nyingi za kustaajabisha. Fedha hazipepesuki, ijapokuwa wako waliozipata wakapepesuka.

Ya pili ni ngeni kidogo. Waingereza husema saa za kazi "are staggered", yaani zimepishanishwa, hawa waingie saa moja na hawa saa mbili, watu wasisongamane mlangoni. Maana yake ni kama hatua za mapepesuko: moja huku, moja kule, hazilingani. Mtaiona pia katika mbio za mita 400. Mkimbiaji wa njia ya pili huwekwa mbele ya yule wa njia ya kwanza kwa mita 7 hivi, na wa tatu mbele yake tena, kwa sababu duara ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Asiyejua hudhani wamependelewa. Neno la kutumia ni kupishanisha. Kupepesuka halina kazi hapo.

Ya mwisho ni ya moyo, nayo imewasumbua walimu wengi. Katika Warumi 4:20 ile tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 husema kwamba Ibrahimu "staggered not" mbele ya ahadi. Mwalimu mmoja alituuliza, "Mchungaji, je, Ibrahimu alikuwa mgonjwa wa miguu?" Swali si la kuchekwa. Neno la Kiyunani lililopo pale ni la moyo kugawanyika katika shauri, nusu huku na nusu huku, na Waingereza wa zamani wakauona mgawanyiko huo kama mtu apepesukaye njiani. Wafasiri wao wa siku hizi wameliacha, nao huandika "waver". Biblia yetu ya mwaka 1952 ina kusita. Tukipima, kusita ni kusimama, na "stagger" ni kwenda vibaya. Basi Kiswahili kimeacha mfano wa miguu kikashika maana. Wengine wangependa kuyumba, nasi hatuwalaumu, kwa maana kuyumba kwa imani ni maneno ya kila siku kwetu. Lakini kupepesuka hapo kungewapeleka wasikiaji kilabuni katikati ya sura ya nne.

Wanaotaka kujizoeza na wafasiri maneno haya kwa Kiswahili, kisha wayasome mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, wamwulize ameona nini moyoni mwake: "The porter staggered under the sack." "She staggered out of the sickroom." "The baby toddled to its grandmother." "We were staggered by the price of cloves." "The ferry lurched, and the passengers staggered." Katika la mwisho "lurched" ni chombo kulala upande mmoja kwa ghafula. Na katika la pili, msikilizaji akijibu kwamba yule mwanamke alikuwa amekunywa, futeni mwandike tena.